Sheria ya Nani Barazani Nyaishozi

Kwako kaka yangu Athumani, uliyenishika mkono nilipoandika alifu yangu ya kwanza. Shikamoo. Mimi ni mzima. Kifua kimetulia tangu mvua zilipokatika, ila baridi ya huku haijanizoea wala mimi sijaizoea. Mama miguu yake inaendeleaje? Na wewe macho? Usisome usiku, nakujua.

Barua yako imefika na msafara wa Tabora, imelowa pembe moja lakini maneno yote yanasomeka. Umeniandikia kwamba habari za baraza la huku zimekufurahisha mno, kwamba umezungumza na liwali, na liwali atazungumza na Wadachi, ili niletewe hati niwe kadhi wa Karagwe nzima. Ukasema ikishaingia hukumu moja ya Mungu zitaingia zote, na nchi itanyooka bila hata risasi moja. Nilipoisoma nilijiona mkubwa. Nikafunga duka, nikavaa kanzu safi. Mimi Salimu, muuza nguo na chumvi, kadhi!

Sasa nakuomba, usiende tena kwa liwali kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Yale niliyokuandikia mwanzo yalikuwa nusu ya habari, na nusu ya pili sikuijua hata mimi mwenyewe.

Unakumbuka nilikwambia Idi amekufa, yule Mnyambo, mwenyeji wa huku Karagwe, niliyekuwa nikifanya naye kazi ya chumvi, aliyesilimu mikononi mwangu pamoja na mkewe Zaina. Aliacha binti mmoja mdogo na kibanja kizuri, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake. Ndugu yake, Kamuhanda, hakuingia dini. Alikuja na wazee wa ukoo wakasema kibanja ni cha ukoo, binti harithi ardhi, na Zaina ama akubali kurithiwa na Kamuhanda ama arudi kwao. Ndiyo desturi ya huku. Zaina akaja dukani kwangu analia, nami nikaenda naye kwa mkungu, ndiye mkubwa wa hapa aliyewekwa na Mkama, mfalme wa Karagwe.

Barazani nilisimama nikatoa ulivyonifundisha: mke ana fungu lake, binti ana lake, na asiyekuwa Mwislamu hamrithi Mwislamu. Basi Kamuhanda hana kitu. Nilisema yote kwa Kinyambo, nawe ungenisikia ungejivunia. Neno moja tu sikulipata kwa Kinyambo, nikaliacha kama lilivyo. Nilisema, "Sheria yasema." Mkungu akainama, kisha akakata: kibanja ni cha Zaina na bintiye. Wazee hawakutia neno. Ndipo nikakuandikia ile barua yangu ya majigambo.

Basi barua yako ilipofika nikaenda kwa mkungu kumwambia kwamba nataka niwe nikikaa naye kila siku ya baraza. Alinikaribisha vizuri sana, akanipa kahawa ya kutafuna kama wanavyompa mgeni wa heshima, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akasogea karibu akaniambia, "Salimu, nimekuwa nikitaka kukuuliza. Yule bwana wa boma kule Bukoba alijuaje habari za kibanja cha Idi?"

Sikumwelewa. Nikamwambia bwana wa Bukoba hajui lolote. Akasema, "Si wewe uliyesema ni sheria?"

Kaka, hapo ndipo nilipoelewa. Huku neno hilo hawakulipata kwetu sisi wa pwani. Wamelisikia kwa askari wa boma wanaopita na viboko wakipiga kelele, sheria mfyeke barabara, sheria mlete mizigo. Mimi nikisema sheria, najua nasema amri ya Mwenyezi Mungu. Yeye alisikia Mdachi. Siku ile barazani hakuinama kwa Mungu hata kidogo, aliogopa kufungwa.

Nisikufiche, nilitaka kunyamaza. Nilikuwa na sababu mbili. Moja ni Zaina, kwa kuwa nikisema kweli, kibanja kinaweza kumponyoka pale pale, naye hana kaka wala mtoto wa kiume wa kumtetea. Ya pili ni ile hati yako, na sababu hiyo ndiyo iliyonitia aibu. Nikajiona nataka kupanda mgongoni mwa askari halafu niite jambo hilo dini. Nikamwambia, "Mkungu, nimekosea neno. Si amri ya boma. Ni ya kitabu chetu."

Nilidhani atanifukuza. Akatafuna kahawa yake, kisha akatuma watu waitwe upya barazani.

Sasa nataka uniamini, maana wewe umekaa na makadhi na maliwali na umeona watu wakubwa. Mimi sijamwona mkubwa aliyefanya alivyofanya mzee yule. Alisimama mbele ya watu wake wote akasema, "Kesi ile nilihukumu kwa woga. Nilidhani ni neno la boma. Mtu aliyehukumu kwa woga hakuhukumu. Tuanze tena." Hakutafuta wa kumlaumu, wala mimi hakunitaja. Kwetu mtu angekufa kabla ya kusema hivyo.

Kamuhanda akasema yake. Baba yao amezikwa kibanjani mle, juu karibu na mibuni, na yeye ndiye aliyesaidiana na Idi kulipanda shamba hilo. "Salimu ananiambia mimi ni mgeni kwenye kaburi la baba yangu," alisema. Na kweli, nilipomsikia nilikosa pa kutazama, kwa sababu siku ya kwanza sikumuuliza hata neno moja.

Zaina naye akasimama. Mwanamke wa huku akisema barazani hainui sauti, na yeye hakuinua. Alisema, "Nyasi zote zilizotandazwa kwenye migomba ile nimezibeba mimi kichwani, miaka yote. Idi alikuwa safarini na chumvi. Mkinitoa, mnitoe, lakini mtu asiseme nimekaa kwenye shamba la wanaume." Wazee wawili wakatazama chini.

Mkungu akanigeukia. "Kamuhanda ameingia kitabuni mwenu?"

"Hapana," nikasema. "Lakini Idi aliingia, na mali ni ya Idi."

"Ardhi Idi aliipata kitabuni, au kwa baba yake?"

Nikasema kwa baba yake. Nikajaribu kumwambia ulivyoniandikia wewe, kwamba Mungu ana haki kuliko mkungu, na hukumu yake ikitawala hakuna mtu atakayeonewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akasema, "Salimu, zamani za babu yangu baraza hili lilikuwa la waganga, wale wanaosema kwa kinywa cha mizimu. Walianza kama wewe, kwa kesi moja ya mjane, na walihukumu vizuri. Baadaye kila aliyewachukiza akawa ameiudhi mizimu, na kesi ikawa haitaki tena shahidi. Babu yangu aliwatoa barazani akawarudisha kwenye vibanda vyao, na huko tunawaheshimu mpaka leo. Sasa wewe una kitabu. Kule Bukoba wako weupe wenye msalaba, nao wana kitabu, na iko siku watafika hapa. Nikikupa wewe baraza, wao nitawanyima kwa neno gani?"

Kaka, katika yote uliyonifundisha hilo halikuwamo. Nikamjibu tu kwamba bila kitabu changu hakuna mtu mle ndani angemkumbuka Zaina.

Akakubali. Hapo ndipo nilipozidi kumpenda mzee huyu. Akasema mbele ya wote, "Kweli. Kitabu chako kimenifanya nimwone mwanamke huyu na mtoto wake. Mimi nilikuwa simwoni. Lakini hakiwezi kuniambia sasa nisimwone Kamuhanda."

Akakata hivi. Sehemu ya juu yenye kaburi na mibuni ni ya Kamuhanda. Nyumba na migomba ya chini ni ya Zaina maisha yake, na baada yake ni ya binti, ijapokuwa binti huku harithi. Na Zaina asirithiwe na mtu yeyote asiyemtaka. Wazee walinung'unika sana juu ya binti. Akawaambia, "Asiyeridhika aje kwangu, asiende boma." Na mimi akaniambia nitakuwa naitwa barazani nieleze Waislamu wanafanyaje, kama wanavyoitwa wengine wenye kujua, lakini hukumu ni yake.

Unaweza kusema ni hukumu ya nusu nusu. Mimi nasema ni ya haki, na ninaona fahari kukaa katika nchi ya mtu huyu. Dini yangu haikupungua siku ile. Nilirudi nikaswali adhuhuri kwa moyo mweupe kuliko siku niliyoshinda.

Lakini kuna jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kesho yake Zaina alikuja dukani. Nilidhani amekuja kunishukuru, nikamwekea kigoda. Hakukaa. Akaniuliza, "Ulipomwambia mkungu umekosea neno, ulijua nitabakiwa na kitu?"

Nikasema, "Sikujua."

Akasema, "Ulitaka roho yako iwe safi, ukaisafisha kwa migomba yangu. Sikatai kwamba ulisema kweli. Ila mbona hukuja kuniambia mimi kwanza?"

Nikamwambia anisamehe. Akasema ataona, akachukua chumvi yake akaenda. Na ana haki, kaka. Sikumuuliza yeye, kama vile sikumuuliza Kamuhanda. Mara zote mbili nilikuwa na hakika Mungu yuko upande wangu.

Basi mshukuru sana liwali kwa ajili yangu, umwambie hati ile aiache. Usikasirike, na usidhani nimelegea katika dini. Zaina alinisema vile kwa sababu mimi ni Salimu wa dukani. Ningekuwa na hati ya boma mkononi, nani angethubutu kuja kuniambia?

Msalimie mama, umwambie nguo nzito aliyonishonea naivaa kila asubuhi. Msalimie shemeji yangu, na shangazi yetu wa Pangani, na mwalimu wetu aliyekuchapa wewe akaniacha mimi. Uniombee dua, hasa ya ulimi. Nami nakuombea afya na macho.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, Salimu, Nyaishozi katika Karagwe.