Picha Iliyoishia Kwenye Nyusi

Temeke, Jumanne

Mama yangu,

Shikamoo. Kaka Hamisi amepatikana. Alipiga simu hapa gazetini jana asubuhi, akasema kwa kinywa chake kwamba habari ya msiba anayo, na kwamba arobaini hataiwahi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolisubiri.

Sasa nikuulize hali. Eda unaiendeaje? Miguu imepungua kuvimba? Mie ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi. Nyumba ninayopanga haijapata maji tangu niliporudi kutoka mazishini. Tunachota kwa jirani.

Utauliza ilikuwaje, maana nilikuambia Hamisi ataliona tangazo upesi. Kumwandikia melini ni kubahatisha, lakini kila wakitia nanga Ulaya huenda klabu ya mabaharia kusoma gazeti letu kwenye kompyuta. Ndiyo maana tuliiweka tanzia humo. Ila ukurasa husafiri kwa waya wa simu, kidogo kidogo, na picha ni mzigo mzito kuliko maneno. Hushuka kutoka juu kama pazia. Simu ikikatika, unaanza upya.

Hapa ofisini ilikuwa desturi picha ya marehemu iwekwe kubwa, juu kabisa, na jina chini yake. Ni heshima. Baba naye aliwekwa hivyo.

"Niliona kofia," Hamisi aliniambia. "Kisha kipaji cha uso. Ikakatika."

"Ukajuaje ni Baba?"

"Zuhura, kofia ile kashona Mama. Lile ua la pembeni alilolikosea, Baba akakataa lisifumuliwe."

Alijua, lakini hakutaka kujua. Alirudi klabuni kila jioni, akitumaini kwamba jina likishuka litakuwa la mtu mwingine. Picha haikuwahi kuvuka nyusi. Alipokata shauri kupiga simu, nahodha alikuwa ameshampa ruhusa mwenzake, na wote wawili hawawezi kuondoka pamoja. Angeomba mwanzoni, angekuja. Kabla ya kukata simu akasema, "Mpe Mama pole. Mwambie kofia nimeiona."

Baada ya hapo nilikwenda kwa mhariri, Mzee Sengo, pamoja na Deo, fundi wetu wa kompyuta. Deo alitaka picha zote zipunguzwe na majina yatangulie.

"Marehemu wa watu mnataka kumfanya stempu?" mzee akauliza.

"Stempu ndiyo inayofikisha barua, mzee."

"Maneno ya kijiweni hayo, Deo. Watu wameleta picha ya baba yao."

Nikamweleza habari ya kofia. Alifuta miwani, akaivaa, akaivua tena. "Basi anzeni na huyo baba yake Zuhura," akamwambia Deo.

Deo aliipunguza nikiwa nimesimama nyuma yake. Alipoufungua ukurasa, jina la Baba lilitokea kwanza, na hatujakaa sana uso ukafuata. Ni mdogo kama wa kwenye kitambulisho, lakini umetimia mpaka kidevuni. Usione tumemvunjia heshima, Mama. Nimeutazama kuliko nilivyopaswa kwa saa za kazi.

Nisalimie shangazi anayekaa nawe kwenye eda, umwambie dawa ya macho nimeipata. Ami aliyesimamia mazishi mpe shikamoo yangu. Shemeji fundi cherehani na wanawe nawasalimu wote.

Tangazo la khitma ya arobaini litaingia kesho asubuhi, maneno matupu bila picha, ili lisikwame njiani. Hamisi amesema watakuwa bado bandarini, ataliangalia, na saa tutakayoanza kusoma nyumbani naye atasoma Yasini huko aliko. Mie napanda basi Alhamisi alfajiri. Khitma ni Ijumaa, baada ya swala.

Mwanao,
Zuhura