Gunia Lisilokung'utwa

Jumatatu, 4 Machi

Paka wa bohari kafa. Tangu jana alikuwa analia vibaya, miguu ya nyuma imekakamaa, udenda unamtoka. Mama kasema kala panya mwenye sumu. Labda. Lakini yule alikuwa analala kwenye rundo la magunia, na pale nilishamwona buibui mweusi tii, doa jekundu tumboni. Nilipomwambia Mama, kasema mimi mwoga kama kunguru.

Jumatano, 6 Machi

Kazi yetu kushona magunia mabovu, na kanuni ni moja: usitie mkono ndani ya gunia kabla ya kulikung'uta kwa fimbo. Sasa wifi, mke wa kaka, ana mimba ya miezi saba na vumbi linamkaba. Mama kaamua ya kwake yasikung'utwe. Huruma gani hii? Nikasema nitamkung'utia nje mimi. Mama kanikata: nisimtie mtoto wa watu hofu. Wifi kacheka tu, kalivuta gunia.

Nina hasira mpaka chai hainipiti.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi kaanguka kazini! Tumbo limekaza kama ubao, anatapika, anatetemeka. Mama anasema uchungu umemjia mapema — sukuma, sukuma. Nikamshika mikono. Wa kushoto unachuruzika jasho. Wa kulia mkavu kabisa. Uchungu gani unaotoa jasho mkono mmoja?

Nikamuuliza kachomwa na nini. Sindano, kasema, alipokuwa analigeuza gunia. Sindano ipi? Wakati wa kugeuza sindano zote ziko ukutani!

Nikalikung'uta gunia lake. Kaanguka buibui yule yule, na kifuko chake cha mayai. Nikamfungia kwenye chupa, tukakimbilia hospitali.

Ijumaa, 8 Machi — wodini

Daktari kaiangalia chupa. Kasema huu si uchungu, ni sumu, inakaza misuli. Ila ikizidi, uchungu wa kweli unaweza kuanza, na mtoto bado hajakomaa. Dawa inaletwa kutoka hospitali nyingine. Tangu asubuhi inaletwa.

Mama hajakaa. Kamwinamia wifi, anamfuta uso. Usisukume, mwanangu. Usisukume. Sijawahi kumsikia akimwita hivyo.

Naogopa. Mtoto hajacheza tangu alfajiri. Wifi kauvuta mkono wangu wa kushoto, kauweka tumboni. Naandika kwa huu mwingine.

Bado hachezi. Bado —