Menradi Alisema Hajambo, Nyie Mkaamini

Nyie akina baba wa kikundi cha kigango chetu, hayo macho mnayo ya kazi gani? Leo Jumapili ukungu umekaa Namswea tangu alfajiri, haujanyanyuka. Nimeamka na hasira, nimekwenda nazo kanisani, nimetoka nazo.

Nasema habari za Menradi, mwanangu wa mwisho. Alifiwa na mkewe, Skola, kabla ya Kwaresima. Sasa ni wakati wa kuchuma, na kahawa yake imeiva, inaanguka, inaoza chini. Mmatengo aache kahawa ianguke! Nyie mnapita pale kila siku na vikapu vyenu, mnasema Menradi amekuwa mvivu.

Mvivu?

Wiki iliyopita alimpa jirani mkasi wake wa kupogolea. Hakuuza, alimpa. Alhamisi akaniletea vyeti vya ubatizo vya watoto wake wawili, amevifunga vizuri kwenye nailoni. "Vikae kwako, Mama." Nikavipokea kama mjinga, nikamwuliza kama amekula.

Jana akasema Jumatatu atashuka ziwani, Kihagara. Kufanya nini? Kupumzika. Kihagara hatuna ndugu hata mmoja. Na Menradi kuogelea hajui.

Leo baada ya ibada nikamshika mkono mwenyekiti wenu, Baba Kapinga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Menradi mmemwona lini?"

"Si tulikwenda kwake, Bibi? Tulisali rozari nzima, tukaimba."

"Na kuku wangu mkamla."

Akacheka. "Alikuwa mtamu kweli. Lakini mwenyewe tulimwuliza hali, akasema hajambo."

"Ulitaka aseme nini mbele ya wanaume kumi na wawili wamevaa sare?"

Akatazama viatu vyake. Akasema watamweka kwenye ajenda ya mwezi ujao, maana leo kikao ni cha sare mpya.

Sare mpya!

Mimi darasa la nne sikumaliza, lakini sengu naikumbuka. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kila siku uani kwa babu, kila nyumba ikileta chakula chake. Ambaye hakugusa tonge alionekana siku hiyo hiyo, na hakurudi kwake mpaka ameeleza kinachomsumbua. Sengu ikafa. Lakini waliendelea kukutana kwenye chama cha ushirika siku ya kupima kahawa, wakakaa juu ya magunia wakapiga soga. Sasa wanunuzi binafsi wanakuja na magari mpaka mlangoni, kila mwanamume anauza peke yake na kuumia peke yake. Padre alipoanzisha kikundi cha akina baba, nilipiga vigelegele. Nikadhani sengu imerudi, na safari hii imebatizwa.

Na mimi nina kosa langu, nalisema. Siku tunamzika Skola, Menradi alilia kwa sauti. Nikamvuta mkono mbele ya watu nikamwambia, "Nyamaza, wewe ni baba." Akanyamaza. Tangu siku ile hajalia tena, na maneno yake yamekwisha.

Nilimfundisha mimi.

Kwa hiyo nilipotoka kanisani sikwenda kwangu, nilikwenda kwake. Nikamkuta amekaa kitandani na viatu mguuni. Sikuzunguka. Nikamwuliza, "Menradi, unataka kufa?"

Hakusema hapana.

Akasema, "Nimechoka, Mama." Nikakaa chini pale pale. Nikamwambia nilikosea makaburini. Akaniachia mkono wake nikaushika.

Sasa nimekaa kizingitini kwake, naandika kwa kidole kimoja. Yuko ndani, namsikia akijigeuza. Dawa ya kuulia wadudu wa kahawa nimeitoa stoo na kumkabidhi jirani. Watoto wako kwa dada yangu. Ukungu umezidi, njia siioni. Mimi ni mzee. Akitaka kunipita hapa mlangoni, atanipita.

Najua mnasoma haya kwenye simu zenu mkiwa kikaoni. Baba Kapinga, funga kikao. Njoo wewe na mwenzako mmoja tu, msije na nyimbo. Mle naye, mlale hapa hapa, asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Kesho asubuhi mwende naye hospitali ya wilaya, na mganga aambiwe ukweli wote. Inuka sasa hivi, uje.