Chupa Isiyotikiswa

Jumatatu, 2 Juni

Nimeifuta chupa vumbi, nikailaza tena kabatini ndani ya boksi lake. Mke wangu, Mama Neema, kanicheka. Anasema naitunza kuliko mbuzi wake.

Acheke. Mgeni mmoja aliniachia nilipostaafu hotelini. Mvinyo mweupe wenye mapovu, mkavu, hauna sukari ya kumdanganya mtu. Umelala miaka juu ya chachu yake kabla ya kuuzwa. Nimewamiminia wageni wa kila aina mvinyo kama huo, mke wangu nikimletea nyumbani maneno tu. Nilimwahidi: tukishamuaga Neema, mtoto wetu wa mwisho, akienda kuolewa, tutaifungua sisi wawili.

Jumatano, 4 Juni

Kikao cha kamati ya sherehe ya kumuaga Neema, hapa nyumbani. Mdogo wangu Elia, mwenyekiti, kafungua kabati kutafuta glasi. Kaiona. Akatangaza mbele ya wajumbe wote kwamba ndiyo shampeni itakayofunguliwa ukumbini.

Ningesema nini? Kumnyima binti yangu mbele ya watu? Ningeitwa mchoyo hadi kaburini. Nikatabasamu. Nina hasira hadi meno yananiuma.

Ukumbini shampeni hutikiswa. Mfunguaji hucheza nayo huku na huko, kizibo kinagonga dari, watu wanalowa na kushangilia. Kwa ile tamu ya dukani, sawa kabisa. Hii hufunguliwa polepole. Unashika kizibo, unazungusha chupa, isikike kama mtu anashusha pumzi.

Ijumaa, 6 Juni

Elia kaja kuchukua boksi. Mama Neema ndiye aliyempa, kwa mikono miwili, tena anacheka. Nimemnunia siku nzima. Hata hajauliza kwa nini.

Jumamosi, 7 Juni

Ukumbi ulikuwa mtaa wa Kwa Mrombo. Neema alipendeza mno. Nimelia kidogo, sioni aibu.

Kisha mshereheshaji akaita shampeni. Shangazi yake Neema akaingia nayo akicheza, chupa imevishwa utepe hadi shingoni. Akaitikisa. Akaitikisa tena. Sikuweza kuangalia, nikaangalia pilau yangu. Paa! Vigelegele. Povu likamlowesha Elia koti zima. Nami nikapiga makofi, ahadi yangu inakanyagwa sakafuni.

Tumerudi. Mama Neema anaimba jikoni. Watu wengine sijui wameumbwa na nini.

Jumapili, 8 Juni

Tulipotoka ibadani Mama Neema akaniambia nifukue pipa la mahindi. Nikafukua kwa kununa. Chupa yangu! Imelala, gizani, penye ubaridi. Hata mimi nisingechagua pahali bora. Elia alipewa ile tamu, Mama Neema kainunua sokoni Alhamisi na kuitia ndani ya boksi.

Kwa nini hakuniambia?

"Baba Neema, uso wako haujui kuficha kitu. Elia angekusoma palepale."

Kweli tupu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nimefurahi, nimepona, sijui niandikeje.

Friji sikuitaka. Ukiugandisha unaua ladha. Beseni la maji ya bomba na baridi ya Juni ya hapa Moshono vinatosha. Nikafungua bila kelele. Glasi pana, nusu tu. Ndizi za kukaanga zenye chumvi pembeni, maana mvinyo mkavu bila kitu cha chumvi unamwonea mtu. Nikamwambia asiwe na haraka, anuse kwanza.

Akanusa. Mkate uliotoka motoni, akasema. Na karanga. Nilikuwa bado sijafungua mdomo.

Akanywa, akakunja uso. Akanywa tena. Akachukua kipande cha ndizi, nami namsubiri kama siku ya posa.

"Hiki ndicho ulichokuwa unanisimulia?"

Ndicho.

"Miaka yote hiyo nilijua unanidanganya."

Akanisogezea glasi nimwongeze. Mlima unaoonekana kutoka kwetu ulikuwa umefunikwa na mawingu. Tulikaa barazani mpaka ndizi zikaisha.