Mechi Iliyokatizwa na Stima

Mama,

Ni mimi, Akinyi wako. Nyumba ya Kaloleni bado iko vile uliiacha. Baba amejifunza kupika uji, ingawa una madonge na hataki kuambiwa. Nakuandikia kwa sababu Mama Wanjiru, jirani yetu muuza viazi, amenituma. Unamjua, akikutuma hakubali kesho.

Unakumbuka Jumamosi jioni, majirani wakija na vigoda vyao kuangalia mieleka ya Wazungu kwa ile televisheni yetu ya mgongo mkubwa. Wewe ulikuwa upande wa yule mwembamba mwenye suruali ya buluu. Ulimwita Jalupo, mvuvi, kwa sababu ulisema mabega yake ni ya ndugu yako wa Port Victoria. Mama Wanjiru alikuwa upande wa lile jitu lenye barakoa, na alishangilia mbele yako bila haya. Baba akisema ni maigizo tupu, ulimjibu, "Hata kama ni maigizo, mgongo si ni wake?"

Halafu ikaja ile mechi. Atakayelala chini mpaka refa amalize kuhesabu, ameshindwa. Jitu lilimbwaga Jalupo juu ya meza, meza ikapasuka, refa akaanza kuhesabu. Ukapiga magoti mbele ya televisheni: "Nyasaye, Mungu wangu, sitaki hata ashinde. Wacha tu asimame." Stima ikapotea, Kisumu nzima ikawa giza.

Wiki iliyofuata Jalupo hakuonekana, wala ile ya baadaye. Ukampeleka kwenye maombi ya akina mama kanisani kama "ndugu yetu mmoja aliyeangushwa." Wakamwombea kwa machozi, hadi pasta akauliza amelazwa hospitali gani ili waende kumwona. Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Wewe hukucheka. Miaka yote iliyofuata, hata ukiwa unaosha vile visamaki vya omena, ungesimama ghafla: "Lakini aliamka?"

Hata wodini uliniuliza. Na wakati huo sisi tulikuwa tunakuombea wewe. Nilitumia maneno yako yale yale, Mama, wacha tu asimame. Hukusimama. Nina hasira mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Juzi nimeipata mechi yenyewe kwenye simu, nzima. Niliogopa kuiangalia peke yangu, leo nikamwita Mama Wanjiru, naye akaja na kigoda chake ingawa viti tunavyo. Tulipofika pale stima ilipopotea, nikaisimamisha. Mama Wanjiru akasema, "Wacha iende."

Refa alimaliza kuhesabu. Jalupo alishindwa, Mama. Jitu likainuliwa mkono, na nikadhani Mama Wanjiru atapiga vigelegele, maana ushindi huo ameungoja miaka. Hakupiga; alisogeza kigoda karibu na simu. Kamera ilikuwa imeshamsahau Jalupo, inafuata jitu tu, lakini pembeni mwa picha tukaona suruali ya buluu. Akashika kamba. Akainua goti moja, akapumzika, akainua la pili. Watu wa machela walipomfikia aliwakataa kwa mkono, akatembea mwenyewe mpaka nje.

Mama Wanjiru alilia kuliko siku ya mazishi yako. "Ameamka! Si unaona ameamka? Andikia mama yako, leo leo!"

Ndiyo maana nimeandika. Hukuomba zaidi ya hapo, na ulipewa siku ile ile, sisi tukiwa gizani tunatafuta kiberiti.

Lala salama, Mama. Kigoda chako nimekitoa stoo, kiko kando ya cha Mama Wanjiru. Nakuahidi kwamba Jumamosi nitakaa naye kuangalia hizo mechi zingine. Yeye abaki na jitu lake, mimi nitashika upande wako, na hakuna atakayeondoka kabla ya mwisho.

Aliamka, Mama. Usiulize tena.

Mwanao,
Akinyi