Neno la Mkaza Mwana

Ankara,
Ijumaa, 19 Januari

Kwako Baba, mzazi wa marehemu Tefo,

Amani iwe kwako, iwe kwa Mama, na iwe kwa wote walio ndani ya ua wako. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba mvua za mwaka huu hazijawahadaa. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na miwani, bado umeifunga kwa uzi, au Mama amekushinda ukakubali kununua nyingine? Mimi mwili haujambo. Theluji inaanguka toka Jumatatu, nami naenda kazini nimejitanda lile blanketi la Mama. Watoto wa hapa hunitazama kama gwaride linapita.

Najua si desturi mkaza mwana kumwandikia baba mkwe moja kwa moja. Ilinipasa nipitie kwa Mama. Lakini aliyeibeba barua hii ni yule mzee, Ntate Ramatla wa ng'ambo ya mto wenu, na yeye analo la kukusimulia. Nimeona heri ulisikie kwangu kwanza. Mwenyewe kaniambia, "Andika wewe, mwanangu, kabla mimi sijafika kwenye pombe, maana nikishafika hapo sitakuwa na breki."

Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Ofisi yetu ya ubalozi ni ndogo, watu watano na birika la chai. Mimi ndiye pekee ninayekijua Kituruki, kile nilichosomea kabla sijaolewa kwako, kwa hiyo mchana kutwa nasema maneno ya watu wengine. Jioni nafunga mlango wangu wa ghorofa ya nne, na kama ni Ijumaa, basi hadi Jumatatu. Jirani yangu Nermin, mama mtu mzima, huniletea supu ya dengu na kunikaripia kwamba mwanamke anayekula peke yake hata chumvi haimkolei. Husimama mlangoni mpaka nimalize bakuli. Akishaondoka naliosha taratibu, ili kazi isiishe mapema. Nakuambia ukweli, Baba, upweke wa hapa unachosha kuliko kazi.

Kitu kimoja nilitoka nacho kwako, nacho sikukiacha. Tangu siku niliyoingia ua wako nilikuwa sijalitamka jina lako, wala neno la mzizi wake, kama inavyompasa mkaza mwana. Na jina lako halikunirahisishia! Wenzangu wakwe zao wanaitwa Jiwe au Mtama. Wewe wazee wako walikupa jina ambalo katika lugha yetu lina mzizi mmoja na kukubali, na mapatano, na kusadiki, na hata ile salamu anayoitoa kila Mosotho wa kwetu akikutana na mwenzake njiani. Ndiyo maana mimi nasalimia kwa amani tu. Hapa hakuna wa kunisikia wala wa kunishtaki, lakini naliepuka vilevile. Nikisali peke yangu chumbani, nikifika pale pa kusadiki, nanyamaza, namwachia Mungu amalizie mwenyewe.

Sasa habari yenyewe. Wiki hii walikuja wafugaji wetu watatu, Ntate Ramatla akiwa kiongozi wao, kutia saini mkataba wa kuwauzia wafumaji wa hapa manyoya ya mbuzi moja kwa moja, bila madalali wa nchi jirani. Manyoya ya mabanda yote ya milimani yamo humo, na banda lenu limo. Asubuhi hotuba zilikuwa tamu. Mkubwa wa wafumaji, Bwana Orhan, alieleza kuwa nchi zetu ziko mbali lakini si wageni, maana asili ya mbuzi wetu ni huku kwao. Ntate Ramatla akajibu kwamba kumbe wamekuja ukweni. Akauliza mbuzi wameolewa kwetu tangu enzi za mababu, mbona hakuna hata mjomba mmoja aliyewahi kuja kuwajulia hali? Waturuki walicheka hadi chai ikamwagika.

Nami nilikuwa nalikwepa neno lako asubuhi nzima. Mapatano nikayaita kupeana mikono. Ikapita. Kisha Bwana Orhan akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema wanaukubali mkataba kwa miaka mitano, kwa moyo mweupe. Wote wakanigeukia. Ulimi ukafanya ulichozoea. Nikawaambia wazee wetu, "Wamesikia."

Unajua mwenyewe, Baba. Kwetu chifu akikuambia amesikia, unachukua kofia yako uondoke, umekataliwa. Wazee walitazamana. Ntate Ramatla akalikaza blanketi lake, akainuka na kusema kwa upole, "Haya, na sisi tumeonana nao. Twendeni, mbuzi hawajikati manyoya." Balozi wetu, ambaye Kituruki hakijui, akanikanyaga mguu chini ya meza. Bwana Orhan alibaki na kalamu mkononi, uso umemwiva, akaniuliza kwa nini kakataliwa mbele ya watu wake. Katika chumba kile chote ni mimi tu niliyejua kwamba pande zote mbili zinataka jambo lilelile. Wazee walikuwa wameshafika mlangoni.

Baba, nililitamka. Si mara moja, mara tatu, kwa sauti ya kuitia ng'ombe: wamekubali, wamekubali, ni mapatano! Kwa lugha yetu, kama lilivyo, na jina lako zima likiwa ndani yake.

Ntate Ramatla alijifunika mdomo kwa blanketi, kwa kuwa anajua mimi ni wa ua upi. Alipofunua alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Ama kweli! Tumepanda ndege mbili, halafu turudi mikono mitupu kwa ajili ya jina la yule mzee mwenye beberu mkorofi?" Wakarudi wakaketi, saini zikatiwa. Mimi nilitoka nje kwenye theluji nikalia. Kila mtu alidhani nalia kwa aibu. Aibu ilikuwepo, sikatai. Lakini nililia zaidi kwa sababu ilikuwa miaka sijasikia jina la mtu wa nyumbani likitamkwa kwa sauti, na aliyelitamka ni mimi.

Naomba radhi kwa hilo. Na kuna jingine, zito kuliko hilo.

Mgodi ulipomchukua mume wangu Tefo, wewe ulimtuma shemeji aniambie kwamba niko huru. Kwamba sina mtoto wa kunifunga kwenu, nirudi kwa wazazi wangu, au niolewe nikipenda. Najua ulisema kwa huruma. Nilimjibu shemeji kwamba nimesikia. Nawe, ukijua kwamba mkaza mwana wako hawezi kulitamka neno la kukubali, ulidhani nimekubali kwa adabu. Hukunituma tena jambo, nami nikaomba kazi ya mbali, kwa kuwa kwangu ni kwenu, sikuwa na mahali pengine pa kurudi.

Sikukubali, Baba. Nilisikia tu.

Likizo yangu ni mwezi wa nne, wakati wa kuvuna. Naomba nije nilale katika nyumba ileile, nivune na Mama, niwe wa kwenu. Msalimie Mama sana, umwambie blanketi lake halijatoboka. Wasalimie shemeji na wanawe, na yule beberu ambaye sasa sifa zake zimefika hadi Ankara. Nimempa Ntate Ramatla miwani yako mpya, usikatae kuivaa.

Nangoja jibu lako. Lakini usiniambie kwamba umesikia. Lile neno jingine mimi siwezi kukuomba kwa kulitaja, ila wewe unaweza kulisema. Ni lako.

Ni mimi, kwa jina ulilonipa siku ya kuingia kwako, la mama wa mtoto ambaye hakuja,

'Matšepiso