Kikata Kucha Siku ya Jumanne

Jumatano, 10 Aprili

Tume ya uchaguzi imeamua. Jina la chama ni lake. Ungo, alama yetu ya kura, ni wake. Mimi niliyekianzisha Chama cha Udongo Mweusi, nikiwa dereva wa lori la pamba mwenye elimu ya darasa la nne, sasa ni mgombea binafsi. Binafsi! Kama zahanati.

Wanasema wabunge wetu wengi wako upande wake. Wengi, ndiyo. Aliwapakia basi lenye kiyoyozi, akawafungia hotelini wiki nzima wasionane na mtu, wakatoka wamenenepa na wamempenda. Hoteli yenyewe nilimwonyesha mimi.

Prabhuling. Mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu hajang'oa meno ya utoto. Nikampa binti yangu Sunanda amwoe, maana kwetu mtoto wa dada ndiye mkwe wa kwanza kufikiriwa. Mpwa na mkwe kwa pamoja. Wenzangu husalitiwa na watu wawili, mimi mmoja ametosha.

Mke wangu Gouravva kapika mkate wa mtama na biringanya za karanga. Nimekula. Hasira haijawahi kunizuia kula — ndiyo maana nimedumu kwenye siasa.

Ijumaa, 12 Aprili

Niandike mwenyewe habari ya ungo, kabla hawajaiandika wao.

Uchaguzi wangu wa kwanza, nilitakiwa nitaje alama. Sikuwa na wazo. Nikatazama ukutani: ungo wa harusi wa Gouravva, ule ambao mama yake alimjazia bangili, manjano na nazi. Nikautia kichwani nikatembea vijiji vyote vya jimbo. Gouravva akanifuata na kundi la wanawake. Kwetu mke halitaji jina la mumewe, hata nyumba ikiungua. Sasa atanipigiaje kampeni? Akawa anasema, "Mpeni Ungo. Ungo kasema hivi. Ungo hajala tangu asubuhi." Wanawake wote wakashika hivyo hivyo.

Nikashinda. Nikashinda tena na tena. Nikawa waziri wa umwagiliaji, nikaleta mfereji. Mfereji unavuja, lakini unavuja kwetu. Ningappa ni jina langu la kwenye bili ya umeme tu. Kila mahali mimi ni Mzee Ungo.

Na sasa Mzee Ungo hana ungo.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimekwenda kuchukua alama mpya. Msimamizi wa uchaguzi ni kijana mpole, ananionea huruma waziwazi, jambo baya kuliko matusi.

— Mzee, zilizobaki ni koliflawa, puto na kikata kucha.

Koliflawa hapa haioti. Puto — wangekuja mkutanoni na sindano. Nimechukua kikata kucha.

Dereva wangu Dastagirsab alicheka mpaka akaegemea gari. Kisha akaona uso wangu. "Kaka, angalau kinakata."

Jumatatu, 22 Aprili

Sunanda kaja. Kanishika miguu, heshima yetu kwa wazee, kakaa chini karibu na mama yake kama zamani. Nikadhani kaja kulia. Kumbe kaja na ujumbe wa mumewe. Baba, pumzika. Baba, atakufanyia sherehe kubwa, shali, kilemba, taji la maua. Nikamwambia hivyo vyote huvishwa maiti pia.

— Kura yako utampa nani, Sunanda?

— Baba, mimi ni mke wa mtu.

Nikaenda kuoga. Niliporudi ameondoka, na ukutani pana duara jeupe pale ungo ulipokuwa ukining'inia miaka yote.

Gouravva anasema binti kaomba ungo wa mama yake. "Ningemnyima? Ungo wa harusi hurithiwa na binti. Ulitaka nimpe nani, Dastagirsab?"

Hana hatia. Hajui ulikokwenda. Mimi najua.

Jumamosi, 27 Aprili

Mabango mapya kila nguzo. Prabhuling anatabasamu, ungo mkononi. Ule ule! Pale ukingoni nilipoushona kwa waya mwenyewe, waya unaonekana.

Leo mkutano kijiji cha juu. Watu wamejaa, nikaanza kupata moyo. Nikainua kikata kucha, kimechongwa kwa mbao, kikubwa kama jembe. Bibi Yallavva, mwenye sauti ya honi, akasimama.

— Mwanangu, kura ni lini?

— Jumanne, mama.

— Na nani anashika kikata kucha Jumanne? Unataka Lakshmi atoke majumbani mwetu?

Minong'ono ya wanawake ikaanza, safu kwa safu.

Nilisahau! Jumanne na Ijumaa hakuna anayekata kucha, Lakshmi, mungu wetu wa neema, ataondoka nyumbani na baraka zake. Nimeijua sheria hii kabla ya kujua kutembea, na bado nimekwenda kuchagua kifaa hicho kwa kura ya Jumanne. Darasa la nne.

Kufika jioni spika za Prabhuling zimeshapata habari: "Akina mama, Jumanne msiguse kikata kucha! Guseni ungo, ungo ni neema!" Utani mzuri. Mimi mwenyewe ningeusema. Hilo ndilo linaloniuma — kajifunza kwangu, na kajifunza vizuri.

Jumapili, 5 Mei

Watu wanakuja mikutanoni, wananishika miguu, wanalia. Ila wakiondoka wananiaga kwa mikono miwili, juu-chini, juu-chini, kama wanapepeta. Salamu yetu ya tangu mwanzo. Nawaambia siyo hiyo tena. Wanasema ndiyo, ndiyo, Mzee Ungo — wanapepeta.

Leo nimemfundisha Gouravva. Nimechora mashine ya kura kwenye kadibodi. Hapa ungo, usiguse. Hapa chini kikata kucha, bonyeza. Picha za wagombea zipo pia, ila ni ndogo kama kipande cha biskuti, na wanaume wenye masharubu sote tunafanana. Yeye jicho moja lina mtoto, la pili linasaidia.

— Habari ya Jumanne isikutie hofu. Kubonyeza si kukata.

— Sina hofu.

— Basi utabonyeza nini?

Akacheka, akafunika mdomo kwa upindo wa sari kama mwari.

— Wewe.

Nikaridhika, mjinga mimi.

Jumatatu, 13 Mei

Kampeni zimefungwa. Spika kimya, mbwa wamepata usingizi. Kituo cha kura ni shule iliyo mbele ya geti langu. Niliijenga mimi, karibu na nyumbani, nione watu wakinichagua. Kwa hiyo kesho geti langu limo ndani ya eneo lililokatazwa: nikimwambia mpiga kura neno moja la kura, nimevunja sheria. Wamenipangia konstebo. Hataki chai yangu. Vijana wa Prabhuling nao wamekaa ng'ambo na simu zao, wanangoja nifungue mdomo.

Jumanne, 14 Mei

Naandikia getini, kwenye kiti cha plastiki. Konstebo aliuliza naandika nini. Nikamwambia maisha yangu. Akasema haikatazwi.

Foleni ndefu, wanawake kwa wanaume. Gouravva alitangulia mapema, kavaa sari ya kijani ya harusi ya Sunanda. Karudi uso unang'aa, kidole kina wino.

— Nimekupa, akaninong'oneza.

— Umebonyeza wapi?

— Kwenye ungo.

Nikamtazama. Akanishangaa.

— Kwani wewe ni nani?

Miaka yote hiyo jina langu halijapita mdomoni mwake. Jina alilonalo la kunipigia kura ni hilo moja. Nikamwambia umefanya vizuri, kanywe maji. Akaenda ndani anaimba.

Prabhuling hakuniibia mianzi wala waya. Kaniibia mimi, mzima mzima, na mke wangu ndiye aliyemkabidhi. Huku anaimba!

Wakaanza kupita. Wamepiga kura, wanarudi, kila mmoja ananiinulia kidole chenye wino, kisha mikono miwili, juu-chini. Wanapepeta! Mkulima niliyemwombea mkopo wa ng'ombe, anapepeta. Fundi wa mfereji, anapepeta. Bibi Yallavva kaja kabisa mpaka getini.

— Walitudanganya eti umehama ungo. Sisi hatudanganyiki! Familia nzima tumekupa wewe.

Nikafungua mdomo. Ng'ambo simu zikainuka. Nikafunga mdomo.

— Asante, mama.

Na nusu ya foleni bado haijaingia. Ndio hao, wananitabasamia. Wananipenda. Wanaenda kunimaliza.

Ndipo nikatia mkono mfukoni. Kikata kucha, cha chuma, cha kweli. Nikaanza na kidole gumba cha kushoto. Ta! Sauti ndogo, lakini foleni nzima imegeuka.

Konstebo kasogea.

— Mzee, hiyo ni kampeni.

— Hii ni kucha.

Akafikiri. Sheria yake haina kucha.

Gouravva katoka mbio. "Baba Sunanda! Leo Jumanne! Umepagawa?" Anaokota vipande kwenye upindo wake, kimoja kimoja, analia. Wanawake wamefunika nyuso. Lakini mwanamume mmoja kwenye foleni, sijui ni nani, katazama mkono wangu. Katazama shule. Kanitazama tena. Kajikuna kichwa, kamnong'oneza wa mbele yake.

Ta! Cha pili. Cha tatu. Gouravva hawahi kuokota.

Sasa gari jeupe limesimama. Prabhuling, na kamera zake. Kila uchaguzi huja kunishika miguu nimbariki, picha iende mjini. Nilidhani mwaka huu ataona haya. Nimemkadiria vibaya tena. Anakuja, mikono ameshaikutanisha kifuani, "Mjomba" iko mdomoni. Kisha kaona nilichoshika. Kaona vipande vyeupe vilivyotapakaa miguuni pangu, hapo hapo anapotakiwa kuweka mikono yake na kichwa chake. Jumanne. Mbele ya akina mama wote. Kasimama.

Kamera zinamsubiri. Foleni nzima inatazama. Gouravva kanishika kiwiko.

Kucha za mikono nimemaliza. Nimevua ndala.